WAHESHIMIWA, MKIANDIKA "BURE" MALIZIENI SENTENSI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Nimeomba nafasi katika jarida la chama chetu mwaka huu, si kwa ajili ya kusimulia kisa cha Sungura na Fisi, ambacho wenzangu wamekisimulia vyema kunishinda, bali nitoe dukuduku langu. Dukuduku lenyewe ni namna wanasiasa wetu wanavyoizungumzia afya katika mitandao ya kijamii. Najua wapo watakaosema, "Mtoto wa miaka kumi na sita, hata kura hana, siasa anaitakia nini?" Haya. Malaria nayo haiulizi mtu kama ana kura.

Kwanza tuelewane kuhusu mambo yenyewe, maana wengi hubishana bila kujua wanabishania nini. Bima ya zamani, NHIF, iliundwa mwaka wa 1966. Mnamo Oktoba 2023 Rais William Ruto alitia sahihi sheria mpya za afya, na tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF ikaenda zake, SHA ikachukua mahali pake. Hapo katikati palikuwa na vuta nikuvute mahakamani: Julai 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria hizo zinakiuka katiba, na Septemba Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo, kazi ikaendelea.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo mambo yote yamefungamana. SHA si mfuko mmoja. Ina mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa huduma za msingi, zile za zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, na huo hugharamiwa na kodi. Wa pili unaitwa SHIF, na huo ni wa michango yetu. Ndio unaolipia kulazwa, upasuaji na mengineyo. Wa tatu ni wa dharura na maradhi sugu. Kwa hivyo aliyejisajili peke yake, bila kuchanga hata senti, anatibiwa katika zahanati pasipo malipo. Akipelekwa hospitali kubwa na kulazwa, ataulizwa michango.

Je, hayo utayapata wapi katika simu yako? Fungua Facebook ama TikTok uangalie. Utamwona mheshimiwa amesimama mbele ya zahanati iliyopakwa rangi juzi, wauguzi wamepangwa nyuma yake kama kwaya, muziki unapigwa, na maneno makubwa yameandikwa chini: MATIBABU NI BURE. Basi. Video ni ya nusu dakika, na katika nusu dakika hiyo hakuna aliyetaja ngazi ya 2 wala ya 3 wala mfuko wowote.

Nyanya yangu ni mgonjwa wa sukari kwa miaka mingi. Alisajiliwa na mhudumu wa afya wa kijiji, chini ya mwembe wetu, na akafurahi sana. Kisha mjomba akamwonyesha video ya aina hiyo. Mguu wake ulipovimba na kidonda kuanza kutoa maji, hakwenda zahanati ya karibu, alipanda matatu moja kwa moja hadi hospitali kubwa, kwa sababu kama ni bure, kwa nini uende kwa mdogo na mkubwa yupo? Pale dirishani karani akamwambia kwa upole, "Nyanya, umejisajili lakini hujalipa." Nyanya akamjibu, "Lakini mheshimiwa amesema ni bure." Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Karani akasema, "Basi ungekuja naye." Alirudi nyumbani na mguu wake vile vile. Zilipita siku nne kabla ya mjomba kuuza mbuzi wawili, maana mtu asiye na mshahara hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mpigo. Alitibiwa, tunashukuru Mungu, mguu uko. Lakini siku nne kwa mgonjwa wa sukari mwenye kidonda, muulizeni mwalimu wetu wa Biolojia maana yake.

Wala simsemi karani, alikuwa anafuata kanuni. Hata mheshimiwa wa video, ukimbana, atakwambia hakudanganya, kwa sababu katika zahanati ile aliyosimama mbele yake kumwona daktari ni bure kweli. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Uongo mtupu tungeukamata. Huyu alisema nusu ya sentensi, akaiacha nusu nyingine imalizwe na karani dirishani.

Sisi wa Chama cha Kiswahili tuna la kusema hapa, kwa vile mambo mengi yamefichwa ndani ya vitenzi. Mwalimu ametufundisha mnyambuliko hadi tunanyambua vitenzi usingizini. Hebu tuutumie. Wakati wa habari njema, wanasiasa hupenda kauli ya kutendea: "tumewaletea", "tumewajengea", "tumewafungulia". Katika kauli hiyo kuna mtendaji, naye ni mheshimiwa, na kuna watendewa, nao ni sisi, tumekaa mkao wa kupokea kama vifaranga. Pesa zilitoka wapi? Kitenzi hakisemi. Kumbe zilitoka kwenye kodi anayolipa mama dukani, na kwenye mshahara wa mwalimu unaokatwa kila mwezi kabla haujamfikia. Aliyelipa ameshukuriwa aje? Ameambiwa ashukuru yeye.

Subiri dawa zikose. Ghafla kauli inabadilika inakuwa ya kutendwa: "suala hilo linashughulikiwa", "malipo yatatolewa", "mfumo unarekebishwa". Linashughulikiwa na nani? Yatatolewa na nani, lini? Mtendaji ametoroka kwenye sentensi, na hata ukimtafuta kwa tochi humpati. Rafiki yangu tunayeketi naye dawati moja alinicheka niliposema hivi, akasema nimeanza kuwa mwalimu. Tukachukua simu ya dada yake jioni ile tukahesabu, katika kurasa za wanasiasa sita tuliochagua, watatu wa serikali na watatu wa upinzani. Hatukuwa na haja ya kuhesabu kwa muda mrefu. Hata rafiki yangu aliacha kucheka.

Neno jingine ni "kujisajili". Mwaka wa 2025 serikali ilitangaza kwamba waliojisajili wamepita milioni 20, na tarakimu hiyo ikasambazwa na viongozi kila pembe, kwa rangi za kijani na bendera. Mimi sisemi tarakimu ni ya uongo. Nasema ni jibu la swali jingine. Chama chetu kina majina mia moja na ishirini kwenye daftari. Jumatano ya mkutano tunakuja thelathini, na siku ya kuchanga pesa za safari ya mashindano ya mashairi tunakuja tisa. Mwenyekiti wetu anapomwendea Mwalimu Mkuu kuomba basi hutaja mia moja na ishirini, na anapoulizwa pesa ziko wapi huanza kukohoa. (Mwenyekiti, usinikasirikie, kila mtu analijua.) Vivyo hivyo na SHA: wengi mno kati ya waliojisajili hawakuwa wakichanga, hasa wale wa kazi zisizo za mshahara, akina mama mboga, watu wa bodaboda, vibarua na wavuvi. Mtu aliyejisajili bila kuchanga yumo katika ile tarakimu inayosherehekewa, lakini akifika wodini hayumo.

Kwa nini hawachangi? Hapa pana mjadala wa maana ambao mitandao imeupuuza. Chini ya NHIF mtu asiye na mshahara alilipa shilingi 500 kwa mwezi, na aliweza kulipa mwezi kwa mwezi. Sasa anaulizwa maswali kuhusu nyumba yake, paa, choo, maji, taa na kadhalika, kisha mashine inakadiria mapato yake na kumtolea kiasi cha kulipa. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, ambazo kwa mwaka ni 3,600. Mtu anaweza kusema, "Si hiyo ni nafuu kuliko 6,000 za zamani?" Ni nafuu, kama mashine imekukadiria kiwango cha chini, na kama unazo 3,600 siku moja. Anayeuza sukuma wiki hupata pesa za leo kwa ajili ya leo. Mnamo 2025 serikali ilileta mpango wa mkopo, Lipa SHA Pole Pole, jambo linaloonyesha kuwa hata wakubwa walijua shida iko wapi. Hilo ni jambo la kujadiliwa kwa nusu saa nzima, tena kwa Kiswahili cha taratibu. Badala yake tunapewa tarakimu ya waliojisajili na muziki.

Nije kwa wenye mishahara, maana huko nako kuna kiini macho cha hesabu. Mchango wa SHIF ni asilimia 2.75 ya mshahara, ila usipungue 300. NHIF ilikuwa na viwango vya ngazi, kuanzia 150 hadi 1,700, na hakuna aliyelipa zaidi ya hapo hata awe tajiri namna gani. Nilichukua daftari la Hisabati nikapiga mwenyewe. Mtu wa mshahara wa shilingi 30,000 alilipa 900, sasa analipa 825. Amepunguziwa. Wa 50,000 alilipa 1,200, sasa ni 1,375. Ameongezewa kidogo. Wa 500,000 alilipa 1,700, sasa ni 13,750, mara nane na zaidi. Halafu kuna yule wa chini kabisa, wa 5,000, aliyelipa 150. Asilimia 2.75 ya mshahara wake ni 137.50, lakini kwa kuwa kuna kile kiwango cha chini, analipa 300. Ameongezewa maradufu.

Sheria ni hiyo hiyo moja. Tazama sasa wanasiasa wanavyoikata vipande. Anayeiunga mkono huweka mtandaoni mstari wa 30,000 na mstari wa 500,000, anaandika kuwa mnyonge amepunguziwa na tajiri amebanwa. Anayeipinga huweka mstari wa 50,000, anaandika kuwa mwalimu na polisi wananyonywa. Wote wawili wamesema kweli. Mstari wa 5,000 mimi binafsi sijauona kwa yeyote kati yao. Nadhani ni kwa sababu unamharibia kila mmoja hadithi yake: wa serikali hawezi kusema amewapunguzia maskini wote, na wa upinzani, je, huwa anakumbuka kuwa kuna anayepata 5,000?

Maana msidhani upinzani nimeusahau. Nao wana ufundi wao. Mgonjwa analia langoni mwa hospitali, mtu anampiga picha, na kabla jua halijatua picha hiyo iko kwenye kurasa za wanasiasa, pamoja na maneno mawili matatu: wizi, utapeli, mauaji. Kuna mambo ya kukosoa, na mengine ni makubwa. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alieleza mwaka wa 2025 kwamba mfumo wa tarakilishi wa SHA, uliogharimu shilingi bilioni 104.8, haukuwa mali ya serikali. Serikali yenyewe mwaka huo ilisimamisha hospitali kadhaa kwa shutuma za kudai malipo kwa udanganyifu. Haya yanahitaji kusemwa. Lakini ukimwuliza mwanasiasa huyo, "Wewe ungefanyaje?" atakwambia turudi NHIF. NHIF ipi? Ile iliyoacha madeni ya mabilioni kwa hospitali? Na yule mgonjwa aliyepigwa picha akilia, alipewa nini? Alipata wafuasi wa kumhurumia, dawa hakupata.

Tusifikiri eti ni Wakenya tu wenye mambo haya. Wamarekani walitutangulia. Mwaka wa 2009, bunge lao lilipokuwa likijadili mswada wa bima ya afya wa Rais Obama, Sarah Palin, aliyekuwa gavana wa Alaska, aliandika kwenye Facebook mwezi wa Agosti kwamba kutakuwa na "baraza la kifo" la maofisa wa kuamua nani anastahili kutibiwa. Hakukuwa na baraza lolote kama hilo katika mswada. Kilichokuwemo ni kifungu cha kuwalipa madaktari wanapozungumza na wagonjwa, kwa hiari yao, kuhusu matakwa yao ya siku za mwisho wa maisha. Shirika la kuchunguza kauli za wanasiasa, PolitiFact, liliuita huo uongo wa mwaka. Hata hivyo maneno yalikuwa yameshasambaa, na kifungu hicho hakikuingia katika sheria iliyotiwa sahihi Machi 2010. Kifungu kizima kikapotea kwa sababu ya maneno mawili matatu ya mtandaoni.

Wakapinga pia kwa jina. Sheria ile iliitwa Obamacare, na uchunguzi wa maoni wa mwaka wa 2017 ulionyesha kuwa thuluthi moja hivi ya Wamarekani hawakujua kwamba Obamacare na ile Affordable Care Act ni kitu kimoja. Fikiria mtu anayechukia moja na kupenda nyingine, na zote ni karatasi ile ile.

Nasi hapa tunabadilishiwa majina kila uchao. Uzazi wa bure katika hospitali za umma ulitangazwa Juni 2013. Baadaye ukapewa jina zuri la Linda Mama, chini ya NHIF. SHA ilipokuja, Linda Mama ikawa Linda Jamii, na SHA yenyewe wakati mwingine inaitwa Taifa Care. Linda Jamii inasikika kama Linda Mama iliyopanuliwa, si ndivyo? Mama, sasa na jamii nzima. Tofauti ni kwamba chini ya Linda Mama mjamzito hakuhitajika kuwa mchangiaji, ilhali gharama za kujifungua sasa zimo katika SHIF, mfuko wa michango. Msichana aliyemaliza shule mwaka jana na sasa ni mjamzito, asiye na kazi wala mume, jina jipya limemwongezea neno "jamii" na kumwondolea kile alichokuwa nacho dada yake. Hilo sikuliona katika tangazo lolote lenye muziki.

Kuhusu magavana nitasema machache. Hospitali nyingi za umma ziko chini ya kaunti tangu 2013, isipokuwa zile kubwa za kitaifa kama Kenyatta na Moi ya Eldoret. Kwa hivyo wodi mpya ikifunguliwa, utepe hukatwa na gavana na picha huwekwa na gavana. Panadol ikikosekana, gavana anaandika kuwa SHA haijalipa, na wa SHA anaandika kuwa kaunti imekula pesa. Mgonjwa anasoma vyote viwili akiwa amelala chini.

Sasa, nataka nini? Sitaki wanasiasa wafungiwe mitandao, hata kidogo. Nyanya yangu asiyesoma gazeti alipata habari ya SHA kwa njia hiyo hiyo, na redio haikumfikia kwa haraka hivyo. Ninachotaka ni wamalize sentensi. Mheshimiwa akiandika "bure", aandike bure kwa nani, katika ngazi ipi, na kwa mfuko upi. Akiandika waliojisajili ni milioni kadhaa, kando yake aandike waliochanga ni wangapi. Akiweka mstari wa mshahara, aweke na ule wa 5,000. Haya hayahitaji dakika kumi. Kama wana nafasi ya kuweka picha zao tano katika tangazo moja, nafasi ya mstari mmoja ipo.

Na wenzangu wa Kidato cha Nne, ninyi ambao mwaka wa 2027 baadhi yenu mtakuwa na vitambulisho, msiishie kubofya alama ya kidole gumba. Andikeni swali chini ya tangazo, kwa adabu, kwa Kiswahili sanifu, bila matusi. "Mheshimiwa, je, bure hii ni ya hospitali ya ngazi ya ngapi?" Mmoja akiuliza atapuuzwa. Wakiuliza mia mbili, hata yule kijana anayemwendeshea mheshimiwa ukurasa atamwuliza bosi wake.

Sisi katika chama tumekubaliana na mlezi wetu jambo moja dogo. Tutaandika karatasi moja, ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili ambacho nyanya yeyote anaweza kusomewa akaelewa: uende wapi ukiumwa, ni nini hulipiwi na nini unachangia, na ubebe nini. Mhudumu wa afya wa kijiji ameahidi kuipitia kabla haijabandikwa zahanati, sokoni na kwenye steji ya matatu, ili tusiwapotoshe watu. Tunahitaji wenye mwandiko mzuri na angalau wawili wanaojua kuchora. Tutakutana Jumatano baada ya kipindi cha mwisho, katika darasa la 3 Mashariki.